SOMO LA MWEZI: PANCHI YA KARAMU NA KIPIMO CHAKE



Tarehe 1 Mei ya kila mwaka, hotuba zikiisha na mabango yakikunjwa, wenzetu wengi wa Kigali hukaa pamoja kula na kunywa. Wengine hufanya hivyo siku ya Umuganura, Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Agosti, au siku ya kumuaga mwenzao anayestaafu. Mchango huwa mdogo na watu huwa wengi. Chupa ya bia kwa kila mtu haiwezekani. Ndipo mtu husema: "Tufanye panchi." Shauri hilo ni zuri. Lakini chungu kimoja kinachonywewa na watu wengi kina madai yake, na dai la kwanza ni kipimo. Somo hili litafundisha namna ya kutengeneza panchi ya matunda na divai, na namna ya kuhakikisha kwamba kila anayechota anajua anachokunywa.

1. PANCHI NI NINI?

Panchi ni kinywaji cha kuchanganya, kinachotiwa katika chombo kimoja kikubwa na kuchotwa kwa upawa. Waingereza waliokwenda kufanya biashara Bara Hindi katika karne ya 17 walirudi nacho kwao. Wataalamu wengi wa lugha husema jina lake limetoka katika neno la Kihindi "panch", maana yake tano, kwa sababu vitu vyake vya asili vilikuwa vitano: kileo, kitu chachu, kitu kitamu, maji, na kiungo au majani ya chai.

Kwetu Rwanda jambo la kunywa pamoja si geni. Wazee walikaa kuzunguka chungu cha urwagwa na kunywa kwa mirija. Tena walikuwa na desturi ya gusogongera: mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni, ndipo awakaribishe. Desturi hiyo ilikuwa na maana kubwa. Mwenye nyumba alikuwa akisema bila maneno mengi: "Nilichowapa ninyi ninakinywa mimi mwenyewe." Mirija ya kushirikiana tumeanza kuiacha kwa ajili ya afya, na ni vyema. Lakini ile ahadi ya mwenye chungu tusiiache. Tutaona hapa chini jinsi ya kuitimiza.

2. VITU VITANO NA JASHO LETU

Ukivitazama vile vitu vitano, utaona kwamba karibu vyote vinatoka mikononi mwa wafanyakazi wenzetu.

Chai inachumwa Mulindi, Shagasha na mashamba mengine ya milimani. Sukari inatengenezwa Kabuye, hapa hapa Kigali, kutokana na miwa ya mabonde. Marakuja, ambayo wengine huita pasheni, yanalimwa na wakulima wadogo, na kwenye barabara ya Kigali kwenda Musanze, pale Nyirangarama, kuna kiwanda kinachoyakamua. Mananasi, malimau na ibinyomoro (Wakenya huyaita matunda damu) utayapata soko la Kimironko au Nyabugogo.

Kitu kinachotoka mbali ni divai, yaani mvinyo wa zabibu. Nyingi inayouzwa Kigali hutoka Afrika ya Kusini na Ulaya, ingawa jirani zetu wa Tanzania wanalima zabibu na kutengeneza divai Dodoma. Kwa kuwa ni kitu cha kununua kwa fedha nyingi, ndicho tutakachotumia kidogo. Matunda ndiyo yanayobeba panchi.

3. JINSI YA KUTENGENEZA

Hesabu hii ni ya watu 30, kila mmoja glasi mbili za mililita 200. Jumla ni lita 12.

Divai nyekundu: chupa 4 za mililita 750, yaani lita 3.
Maji ya mananasi: lita 3 (mananasi makubwa 5 au 6).
Maji ya marakuja: lita 1 (matunda kiasi cha kilo 3).
Maji ya malimau: nusu lita (malimau 12 hadi 15).
Chai ya rangi iliyopoa: lita 3.
Sukari iliyoyeyushwa: nusu lita.
Maji ya soda yasiyo na sukari: lita 1.

Pamoja na hayo, machungwa 4 na nanasi 1 la kukatakata vipande vidogo, na vijiti viwili vya mdalasini.

Hatua ya kwanza. Jioni ya kuamkia sherehe, chemsha maji lita 3. Epua, tia majani ya chai gramu 30, yaani vijiko vikubwa vitano hivi, pamoja na mdalasini. Funika kwa dakika 4 au 5 tu, kisha chuja. Ukiyaacha majani muda mrefu, chai itakuwa chungu na sukari haitaiponya.

Hatua ya pili. Chukua sukari gramu 300 na maji mililita 300. Pasha moto huku ukikoroga mpaka sukari iyeyuke yote. Utapata karibu nusu lita. Sukari ikitiwa kavu katika kinywaji baridi hukaa chini, na wa mwisho kuchota ndiye anayeipata yote.

Hatua ya tatu. Osha matunda kabla ya kuyakata, hata yale ya kumenya, kwa kuwa kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani. Ponda na kamua mananasi, chuja kwa kitambaa safi. Marakuja yakamue na kuchuja, usiziponde mbegu.

Hatua ya nne. Asubuhi ya sherehe, changanya chai iliyopoa, maji ya matunda na sukari. Onja. Kama ni chachu mno, ongeza sukari kidogo kidogo. Ndipo utie divai na vipande vya matunda. Acha mahali pa baridi kwa saa mbili.

Hatua ya tano. Maji ya soda yatiwe mwishoni kabisa, watu wakiwa wamekwisha keti, la sivyo gesi yote itapotea.

Barafu: wengi wetu huchemsha maji ya kunywa, halafu hununua barafu iliyogandishwa kwa maji yasiyochemshwa. Kufanya hivyo ni kuharibu kazi yote. Kama huna barafu ya maji yaliyochemshwa, weka chombo chako ndani ya beseni lenye barafu, baridi ipenye kutoka nje.

4. HESABU YA CHUNGU

Sasa tufike kwenye moyo wa somo. Divai nyingi zina alkoholi asilimia 13 hivi; soma kibandiko cha chupa. Lita 3 za divai hiyo zina alkoholi mililita 390. Tukigawanya kwa lita 12, tunapata asilimia 3.25. Glasi moja ya mililita 200 ina basi alkoholi mililita 6.5, ambazo ni kama gramu 5.

Tulinganishe. Chupa kubwa ya bia, ile ya sentilita 72, yenye asilimia 5, ina alkoholi mililita 36. Hivyo glasi tano na nusu za panchi yetu ni sawa na chupa moja kubwa ya bia. Glasi mbili ni chini ya nusu ya chupa hiyo. Ni kinywaji chepesi, na ndivyo tulivyokusudia.

Sasa aje mtu na chupa moja ya waragi ya mililita 750, yenye asilimia 40, aimimine ndani "ili ichangamke". Ameongeza mililita 300 za alkoholi. Chungu sasa kina mililita 690, na kila glasi ina karibu mililita 11. Akimimina chupa mbili, kila glasi ina karibu mililita 15, yaani zaidi ya maradufu ya ile ya kwanza. Na hakuna atakayetambua mara moja, kwa sababu utamu wa nanasi na uchachu wa marakuja hufunika ukali. Hapo ndipo ilipo hatari ya panchi kuliko bia. Mnywaji wa bia huhesabu chupa zilizo mbele yake. Mnywaji wa panchi hawezi kuhesabu kitu asichokijua.

Tuchukue mfano. Karoli ni dereva wa lori la majani ya chai. Ameambiwa panchi ni nyepesi, naye amejipimia glasi tatu mchana, akijua kwamba hataendesha mpaka kesho alfajiri. Kumbe chungu kimeongezwa waragi chupa mbili bila kutangazwa. Amekunywa kama aliyekunywa glasi saba. Akakaa mpaka usiku, akaongeza nyingine nne. Mwili wa mtu mzima huondoa alkoholi polepole, gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa, na kahawa au maji baridi ya kuoga hayaharakishi kazi hiyo. Alfajiri Karoli anaamka akijiona mzima, kumbe bado kileo kimo mwilini. Anapanda lori. Mwenzake wa kiwandani, aliyekunywa chungu hicho hicho, anasimama mbele ya mashine ya kusaga majani, na vidole vyake viko karibu na roli.

Ajali ikitokea, itaandikwa "ulevi wa mfanyakazi", na fidia itakuwa na mgogoro. Je, kosa ni la Karoli peke yake?

Ndugu wachumaji mnaelewa jambo hili kuliko wengine. Mnalipwa kwa kilo. Mizani ikidanganya hata kwa gramu chache kila kikapu, mwisho wa mwezi mshahara umeliwa. Ndiyo maana tunadai mizani ionekane, isomwe mbele ya mchumaji, na iandikwe. Basi haki hiyo hiyo tunayoidai shambani, tuitoe kwenye chungu chetu wenyewe. Kumwongezea mwenzako kileo bila yeye kujua ni sawa na kuchezea mizani.

5. KARATASI YA CHUNGU NA MWANGALIZI WAKE

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili, ambayo hayana gharama.

La kwanza: kamati ichague mwangalizi wa chungu. Mtu huyo asinywe kileo siku hiyo. Yeye ndiye anayechota, na hakuna anayetia kitu bila yeye.

La pili: ibandikwe karatasi mbele ya chungu, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, ikisema: kuna nini ndani, divai ni chupa ngapi, na kila glasi ina nguvu kiasi gani ukilinganisha na bia. Mkikubaliana kuongeza divai, karatasi ibadilishwe kwanza. Hiyo ndiyo gusogongera ya siku hizi.

6. NUNUA KWA MACHO: HATARI YA METHANOLI

Wapo watakaosema: divai ni ghali, tutie urwagwa au kitu cha bei nafuu. Tuwajibu kwa utaratibu.

Urwagwa ni kinywaji cha heshima. Ndizi huivishwa, hukamuliwa kwa majani, maji yake huchachushwa kwa unga wa mtama uliokaangwa. Lakini nguvu yake hubadilika kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine, na kutoka siku hadi siku. Ukiitia katika panchi, hesabu yetu ya hapo juu haifanyi kazi tena. Afadhali inywewe peke yake, na anayeinywa ajue ni urwagwa.

Kanyanga ni jambo jingine. Imepigwa marufuku na sheria ya nchi, na isiingie katika karamu ya chama kwa njia yoyote.

Hatari kubwa inaitwa methanoli. Ni alkoholi ya viwandani, inayotumika kuyeyushia rangi na kemikali. Haina rangi, na katika kinywaji kitamu ulimi hauwezi kuitambua. Mililita 30 zinaweza kumwua mtu mzima, na kiasi kidogo kuliko hicho kinaweza kumpofusha. Mwishoni mwa Desemba 2021, siku za Noeli, watu walikufa wilayani Bugesera na katika wilaya ya Gasabo, hapa Kigali, baada ya kunywa kinywaji kilichokuwa kikiuzwa kwa jina la biashara. Vipimo vya maabara vilikuta methanoli. Walikuwa watu wa kawaida kama sisi, wakisherehekea.

Hapa desturi ya kuonja haitoshi, kwa kuwa methanoli haidhuru papo hapo. Dalili huja baada ya saa nyingi, mara nyingi kati ya 12 na 24: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa shida, na macho kuona ukungu. Ukiona hayo kwa mwenzako, usiseme "alale tu, pombe itaisha". Mpeleke hospitali mara moja, na chupa uichukue. Dawa ipo, lakini kila saa inayopotea inaweza kugharimu macho au uhai.

Ili kujikinga: nunua duka linalojulikana, angalia kizibo kama hakijafunguliwa, na alama ya ubora, iogope bei inayoshangaza kwa unafuu, tunza risiti na chupa tupu mpaka siku mbili zipite. Wala mtu asilete spiriti ya kiwandani, hata ikiwa "safi" kiasi gani.

7. CHOMBO

Wenzetu wa viwandani huona mapipa na majerikeni kila siku, na hushawishika kuyaazima. Tusifanye hivyo. Chombo kilichowahi kubeba kemikali, rangi, mafuta ya mashine au dawa ya kunyunyizia mashamba hakifai kwa kinywaji hata kikioshwa mara kumi, maana plastiki hunyonya dawa.

Ndoo ya mabati nayo haifai. Malimau na marakuja vina asidi, nayo huyeyusha zinki ya mabati. Wanywaji hutapika na kulaumu divai. Hata sufuria ya alumini itumike kuchemshia chai na sukari tu. Usiache maji ya matunda yalale ndani yake. Kinachofaa ni ndoo mpya ya plastiki ya chakula, chombo cha chuma kisichoshika kutu, cha enameli kisichobanduka, au cha udongo safi.

8. CHUNGU CHA PILI

Katika kila kundi la wafanyakazi wako wasiokunywa kileo: Waislamu, Waadventista na walokole, mama mjamzito na anayenyonyesha, anayemeza dawa za kifua kikuu, dereva, mwenzetu aliyeacha pombe na anayepigania kutoirudia. Na watoto wetu hawafikii miaka 18. Mara nyingi watu hawa huonyeshwa kreti ya soda pembeni, kana kwamba mchango wao ulikuwa mdogo. Wametoa sawa na wengine. Wapewe kilicho sawa.

Chungu cha pili kina vitu vyote vya kile cha kwanza isipokuwa divai. Badala ya lita 3 za divai, tia lita 2 za maji ya ibinyomoro, yatakayoleta rangi nyekundu na uchachu, na lita 1 zaidi ya chai. Ukitaka kutumia umutobe, yaani maji ya ndizi, uwe wa siku hiyo hiyo na uchemshwe, kwa sababu huanza kuchacha upesi.

Vyungu viwili visiwe karibu, wala visitumie upawa mmoja. Vipande vya matunda vya chungu cha kwanza watoto wasipewe, kwa kuwa vimenyonya divai. Tena Shirika la Afya Duniani lilitangaza Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha kileo kisicho na madhara kwa afya. Basi asilazimishwe mtu, wala asichekwe. Wengi watakaoonja chungu cha pili hawatarudi kwenye cha kwanza.

Panchi iliyobaki haiwekwi hadi kesho katika joto. Imwagwe, au inywewe siku hiyo.

9. NANI AKAMUE?

Neno la mwisho. Mananasi kumi na mbili, marakuja kilo sita na malimau thelathini, kwa vyungu viwili, ni kazi ya mikono mingi. Ikiachiwa akina mama, watafika kwenye sherehe wamechoka wakati wanaume wanaanza kucheza ngoma. Kamati igawe zamu: wa kununua, wa kukamua, wa kuchota, wa kuosha. Na mweka hazina asome hesabu ya mchango mbele ya wote.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mna watu 60, nusu yao hawanywi kileo. Kila chungu kiwe na lita ngapi? Divai mtanunua chupa ngapi?

2. Chungu cha lita 12 kina chupa 6 za divai ya asilimia 12, badala ya chupa 4. Glasi moja ina alkoholi mililita ngapi? (Jibu: 9.)

3. Mwenzenu anasema: "Kuongeza waragi ni mzaha tu." Mtamjibu nini, mkikumbuka mfano wa Karoli?

4. Je, katika sherehe yenu iliyopita, wasiokunywa kileo walipata nini kwa mchango wao?

5. Mahali penu pa kazi, mizani husomwa mbele ya mfanyakazi? Kama sivyo, mwandikieni mjumbe wenu kabla ya kupanga karamu.